Posho, Kitambi na Kisu: Nani Alipie Mwili wa Mfanyakazi?

Mwishoni mwa mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi lake la Mloganzila, ilitangaza kuanza huduma ya kuwawekea puto tumboni watu wenye uzito uliopitiliza. Habari hiyo ilipokewa kama tulivyozoea kuyapokea mambo ya aina hiyo: utani juu ya vitambi vya wakubwa, vicheko kuhusu nyama uzembe, na ushauri wa bure kwamba wanene washike jembe. Waliouliza nani atakayelipa walikuwa wachache, na waliojibu walijibu haraka: alipe mwenye tumbo lake. Mimi ni mwanahistoria, na majibu ya haraka ya namna hiyo hunitia shaka, kwa sababu mara nyingi huwa ni majibu ya zamani yaliyovaa nguo mpya. Naomba basi msomaji anivumilie nirudi nyuma, hadi enzi ambazo mwajiri wa Tanganyika alikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya uzito wa mfanyakazi wake, ila wasiwasi huo ulikuwa kinyume cha ule wa leo.

Tuanze na neno posho. Siku hizi posho ni fedha ya kikao, ile inayowafanya maofisa wasafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine kujadili mambo ambayo wangeweza kuyamaliza kwa simu. Kwa wazee wetu posho ilikuwa chakula kilichopimwa: unga, maharage, chumvi, pengine na nyama kidogo, aliyopewa mpagazi, askari au kibarua ili aweze kuamka kesho yake. Serikali ya kikoloni iliisimamia posho hiyo kwa kanuni, na waajiri waliilalamikia kwa gharama. Meja Granville Orde Browne, Kamishna wa Kazi wa kwanza wa Tanganyika kati ya 1926 na 1931, alilishughulikia suala la chakula cha vibarua kwa makini ya fundi anayekagua injini. Mwaka 1939 London ilitoa ripoti nzima juu ya lishe katika makoloni, na hoja mojawapo iliyorudiwa humo ni kwamba mwili usioshiba haufanyi kazi ipasavyo. Huruma inaweza kuwa ilikuwepo katika maandishi hayo. Lakini kilichofungua mkoba wa mwajiri ni mkonge uliokuwa ukingoja kukatwa.

Usukumani hesabu hiyo tuliijua kwa miguu yetu. Kabla pamba haijastawi vya kutosha, vijana wengi wa kanda ya Ziwa walikwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge, na kuanzia 1944 uandikishaji huo uliratibiwa na ofisi ya waajiri wa mkonge iliyojulikana kwa jina la SILABU. Walioandikishwa walipewa namba, nasi tukawaita manamba. Babu yangu mzaa mama, mtu wa upande huu wa Sengerema, alikuwa mmojawao. Alipenda kusimulia kwamba walipimwa kabla ya kuondoka kama yanavyopimwa marobota, na aliyeonekana mwembamba mno alirudishwa kwao. Yeye alikubaliwa. Alirudi baada ya miaka michache akiwa na kikohozi ambacho hakikumwacha tena, na aliyemuuguza hadi mwisho ni bibi yangu, kwa mihogo yake, kuku wake na usingizi wake. Kampuni ilikuwa imelipia posho na dawa ya malaria kwa muda wa mkataba. Mkataba ulipokwisha, mwili ulirudishwa kwa mwenyewe, yaani kwa mkewe.

Wanazuoni wa historia ya kazi barani Afrika wamelieleza jambo hili kwa lugha nzito zaidi yangu, lakini kiini chake ni hicho. Mwajiri alikodi miaka ya nguvu. Miaka ya utoto iliyotangulia na miaka ya ugonjwa iliyofuata aliiachia familia, na baadaye misheni. Hospitali ya Sengerema, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwishoni mwa miaka ya 1950, ilijengwa katika nchi ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ikiuza nguvu za vijana wake mahali pengine na kupokea mabaki.

Hata pale sheria ilipombana mwajiri, ilimbana kwa kiasi kile kile cha muda wa kazi. Sheria zetu za fidia kwa wafanyakazi, tulizozirithi kutoka kwa wakoloni, zina jedwali linaloutathmini mwili kipande kwa kipande: kidole gumba asilimia kadhaa, jicho asilimia kadhaa, mguu uliokatwa juu ya goti asilimia kadhaa. Kilichoumizwa na mashine kina bei. Kilicholiwa polepole na maisha, kwa kukaa, kwa kukosa usingizi, kwa vyakula vya stendi na zamu za usiku, hakimo katika jedwali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Yaani mwajiri analipia kutokuwapo kazini, kwa muda unaohesabika. Ugonjwa wenyewe ni habari nyingine.

Uhuru na Azimio la Arusha la 1967 vilibadilisha mengi, na ni upuuzi kudai vinginevyo. Zahanati zilifika vijijini, matibabu yakawa bila malipo, Bugando ikafunguliwa Mwanza mwaka 1971. Mwaka 1973 tuliunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka huo huo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio vya kampeni ya Mtu ni Afya. Lakini adui wa enzi hizo alikuwa njaa, na mwili uliotushughulisha ulikuwa ule uliokonda. Mwili mnene tuliuweka mahali pengine kabisa: katika siasa. Msomaji aliyesoma magazeti ya zama zile anawakumbuka kupe na mirija. Mnyonyaji alichorwa akiwa na kitambi kilichoifungua suti yake, na mnyonywaji akiwa mbavu nje. Unene ulikuwa ushahidi wa wizi. Kwa mantiki hiyo hapakuwa na nafasi ya mtu mnene aliye maskini, wala ya mtu mnene aliye mgonjwa, na nadhani hatujawahi kuitengeneza nafasi hiyo vizuri hadi leo.

Huku nyumbani, mbali na katuni, lugha ilisema kinyume. Mtu aliyenenepa tunasema ana afya. Bi harusi akirudi kuwaona wazazi wake akiwa ameongezeka, shangazi hufurahi kwamba mume anamtunza. Kisha likaja jambo lililoifanya furaha hiyo iwe ya lazima. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera, ng'ambo ya pili ya Ziwa letu. Waganda waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, Wahaya wakauita Juliana, kwa jina la kitambaa. Kwa miaka ishirini, katika mialo yote kuanzia Bukoba hadi Musoma, kukonda kulikuwa hukumu. Mvuvi aliyepungua kilo tano alinong'onwa kabla hajaagwa. Vijana wangu darasani, waliozaliwa baada ya dawa kupatikana, hawaelewi kwa nini mama zao hukasirika wanapowaambia wapunguze uzito. Mimi naelewa. Kizazi hicho kilizika watu waliokonda.

Nimeutaja UKIMWI kwa sababu ya pili, na hii ndiyo inayohusu bima. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Watu wazima wenye vyeo waliketi na kueleza kwa nini Afrika haiwezi kupewa: ni ghali, ni maradhi ya tabia, fedha hizo zingenunua vyandarua vingapi. Mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alifika mahali pa kudai mwaka 2001 kwamba Waafrika wasingeweza kuzinywa kwa wakati kwa kuwa hawafuati saa. Februari mwaka huo huo kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka. Mwishoni mwa 2004 Tanzania ilianza kuzitoa bure. Hakuna aliyeulizwa dirishani aliupataje ugonjwa. Ulinganisho huu una mpaka wake, na ni vizuri niuweke wazi: UKIMWI unaambukiza na uliua kwa kasi, unene hauambukizi na huua taratibu, na dawa zile zililipiwa zaidi na wafadhili kuliko na makato ya mishahara. Hata hivyo hoja zile tatu, za bei, za tabia na za vyandarua, ndizo hizo hizo ninazozisikia leo, neno kwa neno, na mara hii zinatoka vinywani mwetu wenyewe.

Wakati tukiwa tumekazia macho wembamba, miili yetu ilikuwa ikienda upande wa pili. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu mmoja katika mia. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta takribani tisa katika mia ya watu wazima. Njia za upimaji hazikuwa zile zile, lakini tofauti ya namna hiyo haiwezi kuelezwa na vipimo peke yake. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16, asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Katika ule wa 2022 walikuwa asilimia 36. Madaktari wa Bugando waliochambua wodi zao kati ya 2009 na 2011 walikuta kwamba shinikizo la damu na matokeo yake, kiharusi, moyo na figo, lilikuwa la pili kwa kuua katika wodi hizo baada ya UKIMWI, na kwa waliozidi miaka hamsini lilikuwa la kwanza. Hao si mabepari wa kwenye katuni. Ni makarani, mama lishe, madereva, manesi, wauza dagaa.

Sasa kisu. Upasuaji wa kupunguza uzito ulianza Minnesota, Marekani, mwaka 1954, kwa kuuruka sehemu ya utumbo ili chakula kisifyonzwe chote. Ulileta madhara makubwa na ukaachwa. Mwaka 1966 Edward Mason wa Iowa alianza njia ya kuufanya mfuko wa tumbo kuwa mdogo na kuuunganisha mbele zaidi kwenye utumbo. Njia inayotumika sana leo ni rahisi zaidi kuieleza: sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo hukatwa, na kinachobaki ni mrija mwembamba. Mtu hushiba kwa vijiko vichache, na homoni za njaa hupungua. Mwaka 1991 wataalamu waliokutanishwa na taasisi za afya za Marekani waliweka kizingiti: uwiano wa uzito na urefu wa 40 au zaidi, au 35 kwa mwenye kisukari au ugonjwa mwingine mzito unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo vilikishusha kizingiti hicho. Waswidi, ambao wana subira ya kuhesabu watu kwa miongo, waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 tangu 1987, na mwaka 2007 wakaonyesha kwamba waliopasuliwa walikufa kwa kiwango cha chini kuliko wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Kwa wengi kisukari hutulia kabisa, angalau kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo tuliache hapo lile neno urembo. Puto ni suala jingine: hukaa tumboni miezi kadhaa kisha hutolewa, na kwa wengi uzito hurudi. Fedha ya umma nisingeipeleka huko.

Nchini Marekani, ambako bima za watu wengi hutoka kwa mwajiri, mabishano juu ya malipo yamedumu miongo. Mpango wa serikali wa wazee, Medicare, ulikubali kulipia mwaka 2006 kwa masharti. Waajiri binafsi waligawanyika, na sababu yao kuu inastahili kutajwa kwa haki, kwa sababu si ya kijinga. Upasuaji hulipiwa leo, lakini faida yake huja polepole: insulini isiyonunuliwa, figo isiyosafishwa, kiharusi kisichotokea. Utafiti mmoja wa 2008 ulikadiria kwamba fedha za bima hurudi ndani ya miaka miwili hadi minne. Mwingine wa 2013 haukuona akiba yoyote katika miaka sita. Kwa vyovyote vile, mfanyakazi wa Marekani hubadili kazi mara kwa mara. Mwajiri anajiuliza: kwa nini nilipie goti ambalo mshindani wangu ndiye atakayelitumia?

Huyo ni bwana wa mkonge akizungumza kwa Kiingereza cha kisasa. Simtukani, namtambua tu. Anayelipia kwa muda mfupi atalipia vitu vya muda mfupi: posho, malaria, mfupa uliovunjika, mambo yanayomrudisha mtu kazini Jumatatu. Hakuna mahubiri yatakayombadilisha, kwa kuwa hesabu yake ni sahihi kwa mahali alipokaa.

Nina shemeji, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye uzito wake ulipita kilo 140 miaka michache iliyopita. Ana kisukari, na usiku pumzi hukatika usingizini mara nyingi kiasi kwamba dada yangu amejifunza kulala huku amemshika bega. Mtu wa hivyo husinzia mchana, naye mchana huwa nyuma ya usukani wa tani thelathini. Daktari bingwa alimwandikia upasuaji. Kampuni ya bima iliyowekewa mkataba na mwajiri wake, ambayo sitaitaja, ilijibu kwa sentensi moja kwamba taratibu za kupunguza uzito hazimo katika mkataba. Mwajiri naye, mtu muungwana, alisema angependa kusaidia lakini mkataba wa bima husainiwa mwaka hadi mwaka, na kifungu hicho kingepandisha ada ya wafanyakazi wote. Shemeji, ambaye hakusoma historia, aliniuliza swali ambalo bado sijapata jibu lake la kuridhisha: "Kaka, mguu ukioza kwa sukari watalipia kuukata. Kwa nini kukata mguu ni matibabu na kukata tumbo ni anasa?"

Jibu la kihistoria ninalo. Mguu umo katika jedwali.

Jibu la kisera linahitaji tuangalie nani anabaki na mtu maisha yake yote. Kwa Tanzania jibu hilo limeanza kuchukua sura. Mwaka 1993 tulianza uchangiaji wa gharama hospitalini. Mwaka 1996 Igunga ilijaribu mfuko wa afya ya jamii. Sheria ya mwaka 1999 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi 2001 kwa watumishi wa serikali, kwa asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mwajiriwa. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Watu wengi wanaisoma sheria hiyo kama suala la nani atakatwa kiasi gani. Kwangu jambo kubwa ndani yake ni muda. Mfuko wa umma unaomchukua mtu akiwa mtoto na kukaa naye hadi kaburini hauna mshindani wa kumwachia mzigo. Figo atakayoshindwa kuilinda leo ataisafisha yeye mwenyewe baada ya miaka kumi, mara kadhaa kwa wiki. Ni mfuko wa namna hiyo pekee ambao kwake upasuaji huu una maana ya kiuchumi, na ndiyo maana sitaki waajiri walazimishwe kuulipia mmoja mmoja. Walazimishwe kuuchangia mfuko, kikamilifu na kwa mshahara halisi, kisha waondoke katika uamuzi wa nani apasuliwe.

Ukitaka kuona kwa nini, njoo Sengerema. Katika wilaya hii moja kampuni ya Sotta inajenga mgodi mkubwa wa dhahabu wa Nyanzaga, ambao serikali ina hisa ya asilimia 16, na wenye ajira za kudumu humo ni watu ambao kwa desturi ya migodi hupata bima binafsi iliyo nono. Mwalimu wa shule ya msingi ana kadi ya Mfuko wa Taifa. Mwanamke anayeanika dagaa mwaloni, kama ana kitu, ana mfuko wa jamii ulioboreshwa, ambao ada yake ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Watatu hawa wakiwa na uzito ule ule na kisukari kile kile, historia yote niliyoieleza inatuambia nani atapasuliwa, nani atapewa vidonge, na nani atashauriwa aache chipsi. Tukisema "waajiri walipe", tumeshamwondoa yule wa tatu kabla hatujaanza kuzungumza, maana hana mwajiri. Ana Ziwa tu. Nakumbusha kwamba enzi za vyama vya ushirika, mkulima wa pamba asiyekuwa na mwajiri alikatwa ushuru pale pale penye mizani, na kwa njia hiyo alikuwa ndani ya hesabu za umma. Samaki nao hupimwa mwaloni kila siku, na ushuru hukatwa. Sioni kwa nini mchango wa bima usikatwe pale.

Pingamizi zito zaidi si lile la tabia. La tabia tulishalijibu kwa vitendo: tunalipia ini la mlevi na kichwa cha kijana aliyeanguka na bodaboda bila kofia, na tunafanya sawa. Pingamizi zito ni kwamba bado akina mama wanavuja damu wakijifungua mahali pasipo na chupa ya damu, na katika nchi kama hiyo kumkata tumbo dereva mmoja kunaonekana kama dharau. Pia madaktari wa fani hii ni wachache mno, na aliyepasuliwa anahitaji kufuatiliwa maisha yake yote, kwa vitamini na vipimo vya damu, katika kanda ambayo upungufu wa damu ni wa kawaida hata kwa wasiopasuliwa. Akipasuliwa Dar es Salaam kisha akaachwa Buchosa bila kliniki, tutakuwa tumempa ugonjwa mwingine. Nayachukulia maneno haya kwa uzito wake wote. Yananifanya nitake mlango uwe mwembamba, lakini hayanifanyi nitake uwe ukuta. Ukuta haumpelekei mzazi chupa ya damu. Unachofanya ni kumwachia huduma mwenye fedha, na wenye fedha tayari wanapasuliwa, huko Nairobi, India na hata hapa nyumbani.

Mlango ninaoufikiria ni huu. Kitita cha msingi chini ya sheria ya 2023 kiutaje upasuaji huo kwa jina, badala ya kuuacha uzame katika neno "urembo". Kizingiti kiwe cha ugonjwa: uwiano wa 40, au 35 pamoja na kisukari kisichodhibitika, au pumzi inayokatika usingizini kwa mtu ambaye kusinzia kwake kunaweza kuua wengine. Ufanyike katika hospitali za rufaa za umma na za mashirika ya dini zilizoidhinishwa, ili bei ishuke kwa wingi wa wagonjwa kama zilivyoshuka zile dawa, na orodha ya kungoja iwe moja kwa mchimbaji, mwalimu na mwanika dagaa. Ufuatiliaji ulipiwe pamoja na upasuaji, hadi hospitali ya wilaya. Dawa mpya za sindano za kupunguza uzito, ambazo nazo zitakuja kutugawa, zipimwe kwa kipimo hicho hicho zitakapofikia bei ya kibinadamu.

Na mikataba ya bima ya waajiri wakubwa wanaoingia sasa Sengerema iangaliwe mapema, kabla desturi haijaganda. Halmashauri inahesabu kwa bidii ushuru wa huduma utakaolipwa na mgodi. Sijasikia diwani akiuliza mfanyakazi wa mgodi atakapofikisha miaka hamsini, mkataba umekwisha na kadi nono imerudishwa, atatibiwa kisukari chake kwa mfuko gani. Kwa kawaida atarudi kijijini. Bibi yangu alikwisha kufariki, lakini wanawake wa kumpokea bado wapo.